Kupanda kutoka kina cha silikanti: kituo cha kwanza kiwe wapi?

Tangu 2003 wavuvi wa jarife mkoani Tanga wamekuwa wakimnasa silikanti, samaki wa miamba ya kina kirefu, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari yenye jina lake. Wazamiaji wenye mafunzo ya kina kirefu wakisikia habari zake hutamani kumfuata hukohuko chini. Kumfikia kunawezekana. Mwaka 2000 huko Sodwana Bay, Afrika Kusini, wazamiaji walimkuta kwenye mita 104. Waliporudi mwezi uliofuata, mmoja wao alizimia chini, mwenzake akampandisha moja kwa moja hadi juu bila kusimama popote. Aliyezimia akapona, mwokozi akafa.

Kwa hiyo mjadala wenye uzito ni wa kupanda. Wote wanakubaliana kwamba mtu apande taratibu, kama mita 9 kwa dakika, na asimame njiani ili naitrojeni na heliamu alizovuta kutoka mitungini, zikaingia mwilini, zitoke kwa pumzi badala ya kufanya viputo ndani ya damu na maungo. Wanachobishania ni pa kusimama kwanza. Wengine wanataka uanze kusimama ukiwa bado chini sana. Wengine wanasema panda kwanza, dakika zako zitumie karibu na uso wa maji.

Hoja ya kusimama chini si ya kubezwa. Richard Pyle, mtaalamu wa samaki wa Hawaii, alikuwa akikamata samaki hai kwenye kina kirefu, na njiani ilimlazimu asimame awatoe hewa kwa sindano kwenye kibofu chao cha kuelea. Akagundua kuwa siku anazosimama hivyo hachoki sana akifika juu. Wengi wakaiga, na maelezo yakafuata: kiputo kikizuiwa kikiwa kidogo hakitakua baadaye. Kompyuta za kuzamia zikatengenezwa kwa mtazamo huo, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa busara iliyokubalika.

Tatizo ni kwamba mwili haujai gesi wala kuitoa kwa kasi moja. Tumbukiza khanga na kamba ya katani kwenye ndoo: khanga inalowa papo hapo na kukauka upesi, kamba inanyonya polepole na kukauka polepole. Damu na ubongo ni khanga; mafuta na maungo ni kamba. Ukisimama mita 40 unaipa khanga nafasi ya kukauka, lakini kamba bado iko ndani ya ndoo, inaendelea kunyonya. Deni hilo utalilipa juu, na watu wengi hawaongezi dakika za kulilipia.

Jeshi la maji la Marekani lililipima jambo hili, matokeo yakatolewa 2011. Wazamiaji walishushwa mita 52 kwa dakika 30, kisha wakapandishwa kwa ratiba mbili zenye jumla ileile ya dakika 174 za vituo. Ratiba moja ilianza kusimama mita 21, nyingine mita 12. Walioanza chini waliugua ugonjwa wa viputo mara 11 katika mizamio 198. Walioanza juu, mara 3 katika 192. Jaribio likasimamishwa kabla ya kufika mwisho.

Wapinzani wanajibu kwamba wale walivuta hewa ya kawaida tu, hawakuwa na heliamu wala oksijeni tupu ya kuvuta kwenye vituo vya mwisho, na kwamba hakuna mzamiaji wa kina kirefu anayepanga ratiba namna ile. Ni kweli. Lakini jibu hilo linaonyesha tu kuwa jaribio halikugusa kila hali. Halileti ushahidi kwamba vituo vya chini vinasaidia, na ushahidi huo mimi sijauona. Fizikia nayo inaelekea upande uleule. Kiputo kikitoka mita 60 hadi 50 kinaongezeka kwa sehemu moja ya sita. Kikitoka mita 10 hadi juu kinakuwa maradufu. Hatari kubwa iko kwenye mita za mwisho, na ndiko dakika zinakotakiwa ziwekwe.

Ila mita za mwisho za Tanga zina mambo yake. Kusi likivuma, kituo cha mita 3 ni adhabu: wimbi linalivuta boya lililo juu, uzi wake ulioushika unakaza na kulegea, unajikuta mita 1, mara mita 5, na kipimo mkononi hakitulii. Hapo naona ni heri kumalizia mita 6. Oksijeni tupu inavutika salama kwenye kina hicho, wakati chini zaidi inaweza kuleta degedege majini. Ukikosa oksijeni, mita 6 itakudai muda mrefu zaidi kuliko mita 3, na muda huo uwe kwenye mtungi kabla hujashuka.

Halafu kuna mkondo wa mfereji wa Pemba. Saa mbili za kuning'inia kwenye uzi zinaweza kukupeleka mbali sana na mahali ulipoingilia, na hapo ndipo wanaotaka muda wa vituo ufupishwe wanapopata hoja nzuri kuliko zote. Hata hivyo sikubali kwamba dawa yake ni kupunguza dakika. Dawa ni nahodha anayelifuata boya kwa macho tangu linapotokeza, mwenye ratiba yako kwenye karatasi: saa ya kutokeza, dakika za kuongeza, na boya la rangi gani lina maana kwamba unahitaji mtungi mwingine.