Foleni ipi imejaa? Hoja ya kuhesabu kila foleni kwenye kadi pepe za mtandao

Mashine pepe moja (kompyuta ya programu inayoishi ndani ya seva) niliyokuwa naitunza ilikuwa na prosesa nane na kadi ya virtio, yaani kadi ya mtandao ya programu badala ya chuma, yenye foleni nane za kupokea na nane za kutuma. Foleni ni safu ambamo pakiti, vipande vya data, husubiri kuhudumiwa. Siku moja watu wa ofisi ya upande wa pili wakaanza kulalamika: mafaili hayafiki, simu za intaneti zinakatikakatika. Nikapiga ip -s link, amri inayoonyesha jumla za kadi nzima. Pakiti zinaingia, zinatoka, zilizoanguka ni za kuhesabika. Nikatazama wastani wa prosesa, nikakuta asilimia 13. Kwa namba hizo mashine ilikuwa imelala.

Mia gawanya kwa nane ni kumi na mbili na nusu. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka mapema, kwa sababu prosesa moja ilikuwa imeelemewa kabisa huku saba hazina la kufanya. Kilichonionyesha ukweli ni ethtool -S, amri inayoonyesha hesabu za kiendeshi cha kadi, yaani programu inayoiendesha: kihesabio cha rx_queue_3 kilikuwa kinapanda kwa kasi, vingine vimesimama karibu palepale. Trafiki karibu yote ilikuwa inapita kwenye njia ya IPsec, njia iliyosimbwa kwa siri, kati ya ofisi mbili. Kwa nje pakiti hizo zina anwani mbili tu, ya lango hili na ya lango lile, na namba za poti zimefichwa ndani pamoja na mzigo. Heshi, yaani hesabu inayochagua foleni kutokana na anwani na poti za pakiti, haikuwa na kitu kingine cha kushika. Maelfu ya mazungumzo yakahesabiwa kuwa mazungumzo mamoja, yakapangwa kwenye foleni moja. Ni kama benki yenye madirisha manane ambapo mlinzi anamwelekeza kila mteja dirisha la tatu, halafu meneja anatazama wastani wa wateja kwa dirisha na kuona mambo ni shwari.

Naanza na kisa hicho ili msomaji ajue nimesimama wapi kabla sijaeleza upande wa pili. Mjadala wenyewe ni huu: je, kiendeshi cha kadi pepe ya mtandao kiweke hesabu za kila foleni peke yake, pakiti, baiti, zilizoanguka, mara ilizosimama, au jumla ya kadi nzima inatosha? Wapo watu makini, wanaoijua kerneli ya Linux, kiini cha mfumo huo, kwa undani, wanaosema jumla inatosha. Hoja zao nzito nitazipa uzito wake.

Ya kwanza ni gharama. Kwenye kiungo cha gigabiti 10, pakiti ndogo kabisa zikijaa zinafika takriban milioni 14.88 kwa sekunde. Kila moja inapata nanosekunde 67 hivi. Ndani ya muda huo kila unachoongeza kinaonekana. Gharama yenyewe haitokani na kujumlisha moja, maana hilo prosesa inalifanya bila kutoa jasho. Inatokana na mahali hesabu inapokaa. Prosesa mbili zikiandika vihesabio viwili tofauti vilivyolala kwenye mstari mmoja wa kache (kumbukumbu ya haraka ya prosesa), baiti 64 kwa prosesa nyingi za sasa, mstari huo unaanza kunyang'anywa huku na huku, na hapo ndipo nanosekunde zinapotea. Kwenye mashine za biti 32 kuna tatizo lingine: kihesabio cha biti 64 huandikwa kwa vipande viwili, na msomaji anaweza kukuta nusu mpya na nusu ya zamani. Biti 32 peke yake nazo hazifai, kwa sababu kwa gigabiti 10 kihesabio cha baiti kinazunguka na kurudi sifuri kila baada ya sekunde tatu na ushee.

Hoja hii ni ya kweli, lakini katika viendeshi vya foleni nyingi imeshajibiwa kwa sehemu kubwa. Tazama virtio_net, kiendeshi cha kadi za virtio, inavyofanya. Kerneli ikiifikia foleni ya kupokea, inachukua pakiti kwa mafungu, kwa kawaida hadi 64 kwa zamu. Kiendeshi kinajumlisha fungu lote pembeni, kisha kinaandika kwenye kihesabio cha foleni mara moja. Foleni moja huhudumiwa na prosesa moja kwa wakati, kwa hiyo hakuna wa kugombania naye. Kwa maneno mengine, foleni ndiyo mahali rahisi zaidi pa kuhesabia. Jumla ya kadi, ikitakiwa, hupatikana kwa kuzijumlisha foleni pale mtu anapouliza. Anayesema hesabu za foleni ni ghali mara nyingi hajaona kwamba kiendeshi tayari kinazo na kimezificha tu.

Hoja ya pili inanishawishi zaidi: kadi pepe haina foleni kwa maana ya kadi ya chuma. Kwenye kadi ya kweli foleni ni kitu kilichochongwa ndani ya saketi, kina idadi na kina mwisho. Kwenye kadi pepe, je? Chukua veth, ile jozi ya kadi inayounganisha kontena (programu iliyotengwa na nyingine) na mwenyeji wake. Matoleo ya karibuni hutenga nafasi ya foleni kwa idadi ya prosesa za mashine, ingawa hutumia moja tu mpaka uombe zaidi. Kwenye seva ya prosesa 64 yenye kontena 100, kuweka vihesabio kamili kwa kila foleni ya kila ncha ni kulipia kumbukumbu kwa ajili ya safu ndefu ya sifuri. Vipo pia vifaa vya njia za kupitishia pakiti ndani ya pakiti nyingine, kama vxlan, ambavyo prosesa yoyote huandika bila kupita kwenye foleni yoyote. Hivyo huhesabu kwa kila prosesa, na kuviambia vihesabu kwa foleni ni kuvidai kitu visichokuwa nacho. Katika hili wapinzani wako sahihi, nami siwezi kutetea takwimu za foleni kwa kila kifaa chenye neno pepe kwenye jina lake.

Ya tatu ni kwamba njia nyingine zipo. Upande wa kutuma, kadi yenye foleni nyingi hupewa mpangilio wa mq, unaoshughulikia kila foleni peke yake kabla pakiti hazijafika kwa kiendeshi, na amri ya tc -s qdisc inakuonyesha baiti, pakiti na zilizoanguka kwa kila foleni. Kwa nini kiendeshi kirudie? Upande wa kupokea kuna /proc/interrupts, orodha ya makatizo, yaani ishara ambazo kadi huitia prosesa kuja kufanya kazi, ambako utaona virtio0-input.0, virtio0-input.1 na kuendelea. Ukitaka undani zaidi, andika programu fupi ya eBPF, inayopachikwa ndani ya kerneli ikiwa kazini, hesabu unachotaka, kisha izime. Gharama ni sifuri siku ambazo huna shida.

Njia hizo nimezitumia zote, na najua zinapoishia. Hesabu za mq zinakwenda mpaka mlangoni mwa kiendeshi, kinachotokea ndani hazikioni. Makatizo yanapotosha vibaya zaidi: kazi ikizidi, kerneli huacha kungoja makatizo na kuanza kuisoma foleni mfululizo, hivyo foleni iliyoelemewa kuliko zote inaweza kuonyesha makatizo machache kuliko iliyo na nafuu. Anayesoma safu ile kama kipimo cha mzigo atamtibu asiye mgonjwa. Kuhusu eBPF, ni chombo kizuri mno kwa shida inayoendelea mbele ya macho yako. Shida iliyotokea saa tisa usiku na kwisha saa kumi kasoro haikusubiri mtu aamke aandike programu. Kihesabio kinachojiongeza chenyewe usiku kucha ndicho kilichokuwepo wakati wa tukio.

Ipo pia hoja ya wingi, nami nimeionja. Seva 200, kila moja na foleni 16 kila upande, vihesabio kumi kwa foleni: hiyo ni mistari 64,000 ya takwimu kila mara mfumo wa ufuatiliaji unapokusanya. Hakuna binadamu atakayeitazama. Lakini hii ni kazi ya anayekusanya, achague cha kuchukua. Kiendeshi kuzipoteza namba kwa sababu mkusanyaji ni mlafi hakumsaidii anayezihitaji.

Hadi hapa nimejibu tu. Sasa niseme kile ambacho, kwa maoni yangu, kinaifanya kadi pepe istahili hesabu hizi kuliko hata kadi ya chuma. Foleni ya virtio ni mpaka wa wenye mali wawili. Upande mmoja yuko mgeni, mashine pepe, pengine ya mteja anayelipia kwa saa. Upande mwingine yuko mwenyeji, seva ya kampuni ya wingu. Mgeni haoni chochote nyuma ya foleni, na mwenyeji hapaswi kuchungulia ndani ya mgeni. Mtandao ukisuasua, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Kwenye kadi ya chuma unaweza kwenda kwenye swichi ukahesabu upya. Hapa foleni ndiyo alama pekee ya mpaka wanayoiona wote wawili. Kuifuta na kubakiza jumla ni kuwanyima wote ushahidi.

Hata hivyo shahidi huyu ana kasoro ambayo watetezi wenzangu huiruka. Kiendeshi cha mgeni kinahesabu alichokifanya mgeni. Pakiti iliyofika kwa mwenyeji, ikakuta foleni ya mgeni imejaa na ikatupwa hukohuko, haimo katika hesabu ya mgeni, kwa kuwa hakuipokea kamwe. Virtio iliingia katika Linux 2.6.24 mwanzoni mwa 2008, kutokana na kazi ya Rusty Russell, na foleni nyingi zikaongezwa katika 3.8 mwaka 2013. Kwa miaka hiyo yote mgeni alijua habari za upande wake tu. Ni katika toleo la 6.10, mwaka 2024, ndipo virtio_net ilipopata uwezo wa kukiuliza kifaa chenyewe, yaani upande wa mwenyeji, hesabu zake kwa kila foleni. Na ni pale tu mwenyeji anapokubali kuzitoa.

Uwezo huo ulipoletwa, ulitanguliwa na badiliko dogo linaloonyesha ugonjwa halisi wa takwimu hizi. Majina ya ethtool -S yana kikomo cha herufi 31, na kiambishi rx_queue_0_ kilikuwa kinakula nafasi kiasi kwamba majina mapya hayakutosha. Kikafupishwa kuwa rx0_. Uamuzi ulikuwa wa busara, lakini kila skripti iliyokuwa inatafuta rx_queue ikaanza kurudi mikono mitupu. Tena hiyo ni virtio peke yake. Kiendeshi cha Hyper-V ya Microsoft kinasema rx_queue_0_packets, cha Amazon kinasema queue_0_rx_cnt, na cha VMware kinaandika kichwa cha foleni kisha kinarudia majina yaleyale chini yake, ujipangie mwenyewe ipi ni ya ipi. Maana za hesabu nazo zinatofautiana: mmoja akisema imeanguka anamaanisha kumbukumbu ilikosekana, mwingine anamaanisha pakiti ilikuwa mbovu. Wakosoaji wanaposema takwimu za foleni zimekuwa dampo la kila kiendeshi kumwaga anachotaka, nasoma majina haya na sina la kuwapinga.

Ndiyo maana hatua ninayoiona kubwa kuliko zote katika suala hili ni ile ya toleo la 6.9, la Mei 2024, ambapo Jakub Kicinski alileta njia moja ya takwimu za foleni kupitia netlink, mlango ambao programu huzungumza na kerneli, yenye majina na maana vilivyoandikwa mara moja kwa viendeshi vyote. Mambo mawili ndani yake yananipa imani. Kwanza, kiendeshi kisichojua hesabu fulani hakitoi sifuri, bali hesabu hiyo haionekani kabisa. Sifuri inasema nimehesabu na hakuna kilichoanguka. Kimya kinasema sikuhesabu. Ni saa ngapi nimepoteza nikiamini sifuri ambayo kumbe ilikuwa kimya! Pili, foleni zikipunguzwa, tuseme kutoka nane hadi nne, hesabu za zile zilizoondolewa huwekwa kwenye fungu la msingi, ili jumla ya kadi isirudi nyuma. Zamani mtu akibadilisha idadi ya foleni, grafu ilianguka na simu zikaanza kuita bila sababu.

Kwa hiyo nikiulizwa wapi ziwekwe, jibu langu halifanani kwa kila kifaa. Virtio, kadi za Hyper-V, za VMware na za watoa huduma za wingu: ndiyo, zote, kwa majina ya pamoja, na hesabu chache zenye maana iliyofungwa. Pakiti, baiti, kushindwa kupata kumbukumbu, foleni kusimama na foleni kuamka. Vxlan na jamaa zake: hapana, hesabu ya kwa kila prosesa inawatosha. Veth: ibaki na chache ilizonazo, mpaka mtu awashe foleni zaidi ya moja.

Limebaki pengo moja, upande wa mwenyeji. Kwenye KVM, mfumo wa Linux wa kuendesha mashine pepe, pakiti zinazotupwa kwa sababu mgeni hakuwahi kuzichukua huonekana katika safu ya zilizoanguka wakati wa kutuma, kwenye kadi ya tap, ile ncha ya kadi ya mgeni iliyo kwa mwenyeji. Ukiisoma kwa ip -s link unapata namba moja kwa kadi nzima. Mgeni mwenye foleni nane, saba tupu na moja imefurika, pale anaonekana kama kitu kimoja chenye hasara ndogo. Ndiyo namba ileile niliyoitazama siku ile nikaona mambo ni shwari, safari hii ikisomwa na mtu wa upande wa pili.