Kitonga Tumeshashuka, Mwanangu

Kwanza kabisa, sikulia. Jamaa yangu anayesambaza hiyo habari kwenye magrupu alikuwa basi lingine, machozi aliyaonea wapi? Nilikuwa nimekumbatia kiroba cha vitunguu. Basi.

Wazoefu wa njia ya Dar–Tunduma mnapajua Ruaha Mbuyuni: unachimba dawa, unanunua vitunguu, konda anapiga honi hata zipu hujafunga. Natoka mbio, naliona basi letu, rangi ile ile, kampuni ile ile (siitaji, bado napanda magari yao), limeshaanza kutembea. Nikadandia. Kwenye siti ya jamaa yangu kakaa mama mmoja. Nikajua kahama kunikimbia, maana tangu Chalinze nilikuwa nampa historia ya barabara.

Historia haiachwi njiani. "Shikamoo mama." "Marahaba." Nikamwaga. Kwamba Novemba 1965 Ian Smith, mkubwa wa walowezi, alipojitangazia uhuru kule Rhodesia (Zimbabwe ya leo), Zambia ikakatiwa njia ya mafuta, yakaanza kusombwa kwa mapipa kwenye malori kutoka Dar, njia hii hii, enzi hizo vumbi kiangazi na matope masika, malori yanapinduka hadi ikaitwa njia ya jehanamu. Lami ya kueleweka ni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kijana wa siti ya nyuma akachomoa spika za masikioni. Nikapandisha sauti.

"Sasa mama jishikilie, tunaanza kupanda Kitonga. Huku ukuta wa mlima, huku korongo."

Mama akanitazama. Akamalizia karanga zilizokuwa mdomoni. Akameza. Akafunga kimfuko chake fundo. Akaweka sawa mtandio.

"Kitonga tumeshashuka, mwanangu."

Nikacheka. Jamani, nilicheka! Nikamgeukia yule kijana ili sote wawili tumcheke mama wa watu. Kijana kaduwaa. Nikachungulia nje: mibuyu. Mibuyu ile ile niliyoipiga picha nikitokea Dar. Na wewe unayesoma ukitabasamu, subiri yako.

Konda akaja polepole, kashika siti hii, kashika ile. "Mwalimu, unaenda wapi?"

"Mbeya."

"Hili ndiyo linatoka huko."

Kimya. Halafu sauti kutoka siti za nyuma kabisa: "Konda usimshushe, hajafika uhuru wa Zimbabwe!"

Wakanishusha Mikumi mjini. Nashukuru si mbele kidogo, maana pale barabara inapita ndani ya hifadhi kama kilomita 50, ningewapa nyati historia. Nikapata lori la Zambia. Begi nililikuta Mbeya kwa huyo huyo msambaza habari, kuku wangu wa kukaanga sikumkuta, na kesi yake ipo.

Usiku tunapanda Kitonga kwa gia ya kwanza, dereva akaniuliza, "Dogo, hii njia unaijua?"

"Hapana kaka. Ndiyo kwanza leo."