Bei ya simu, viazi vya Isyonje na sheria mbili za mauzo

Tuseme Jumatatu mnunuzi anamtumia mama mkulima wa Isyonje, mkoani Mbeya, ujumbe: nachukua magunia 80 ya viazi kwa 60,000 kila moja, bei hii ni yako hadi Ijumaa. Mama hajibu, anakwenda kutafuta vibarua. Jumatano viazi vimeshachimbwa. Alhamisi ujumbe mwingine: soko limeshuka, sahau ile bei.

Kwa mapokeo ya sheria ya Kiingereza, ambayo Sheria yetu ya Mikataba ya 1961, hapa Tanzania, inayafuata kupitia sheria ya India, mnunuzi yuko salama. Ofa hufutwa wakati wowote kabla haijakubaliwa. Kusema "hadi Ijumaa" hakumfungi, maana mama hakutoa chochote kuinunua ahadi hiyo. Marekani nako, Kanuni ya Biashara iliyotolewa 1952 na kupokelewa na karibu majimbo yote, inasema tofauti kuhusu bidhaa: mfanyabiashara akiahidi kwa maandishi yenye saini yake kwamba ofa itabaki wazi, itabaki wazi kwa muda alioutaja, mradi usizidi miezi mitatu, hata kama hakulipwa senti. Hapa ningewaiga Wamarekani bila kusita. Anayeingia gharama kwa neno la mfanyabiashara ni mkulima, na kiazi kilichochimbwa hakirudi ardhini.

Lakini kanuni hiyohiyo ina upande wa pili. Tuseme mama alijibu "sawa" siku ileile, mkataba ukakamilika, na Alhamisi lori limesimama kando ya shamba. Mnunuzi anasema: 45,000 au naondoka. Mama anakubali, angefanya nini? Mapokeo ya Kiingereza huyatazama mapatano hayo mapya kwa jicho kali: mnunuzi ametoa nini kipya hata apunguziwe? Kama hakuna, ile 60,000 inabaki. Kanuni ya Marekani imeliondoa swali hilo. Mabadiliko ya mkataba wa mauzo yanafunga bila upande mmoja kuongeza kitu, ila yawe na nia njema.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Bei ya dizeli ikipanda, au barabara ikikatika kwa mvua, wafanyabiashara wawili wanaoaminiana hurekebisha bei kwa simu, na sheria inayodai wabuni malipo ya bandia ili marekebisho yasimame inawachosha bure. Kwa wauzaji wa jumla wa soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini, nakubali. Kwa Isyonje nasita, kwa sababu nia njema lazima ithibitishwe mahakamani, na mama mwenye magunia 80 juani hana siku ya kwenda mahakamani. Swali lile la kizamani, "umetoa nini?", ni rahisi hata kwa mwenyekiti wa kijiji kuliuliza.

Wamarekani wenyewe hawajakubaliana kama mkulima ni "mfanyabiashara" kwa maana ya kanuni hiyo. Mahakama za majimbo zimegawanyika: nyingine zinasema anayeuza nafaka kila msimu anaijua biashara, nyingine zinasema kazi yake ni kulima.

Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, iliyochukuliwa karibu neno kwa neno kutoka ile ya Uingereza ya 1893, ina mzaha wake. Mauzo ya kuanzia shilingi 200 hayadaiwi mahakamani mpaka kuwe na maandishi, au sehemu ya mzigo imepokelewa, au arabuni, yaani malipo ya awali ya kuthibitisha mapatano, imetolewa. Shilingi 200 leo! Uingereza ilikifuta kifungu kama hicho mwaka 1954. Hata hivyo sina haraka ya kukizika chetu, kwa kuwa arabuni ndiyo ile wanunuzi wanaiita kishika uchumba, na mkulima anaielewa kuliko ibara yoyote. Kiwango kipandishwe, neno arabuni libaki. Na mama, kabla hajaita vibarua, aombe kishika uchumba cha hata magunia matano.