Nionyeshe kazi ambayo hakuna aliyekutuma

Juma lililopita kijana mmoja mbunifu, mzaliwa wa Arua, alitoka kwenye usaili katika kampuni moja ya matangazo hapa Kampala akaja moja kwa moja ofisini kwangu. Mkononi alikuwa na bahasha ya kadi na picha za fremu ya chuma. Kadi ni za Idd na za Krismasi. Huzichora na kuzichapisha mwenyewe kila mwaka kwa ajili ya jamaa na majirani, maana ukoo wao una Waislamu na Wakristo chini ya paa moja. Fremu ni ya kuinamishia jerikani. Bibi yake mgongo umechoka, na jerikani ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 na ushei, kwa hiyo mjukuu akamtengenezea kigoda cha nondo: jerikani inakaa ndani yake, unaisukuma kwa mkono mmoja, maji yanamiminika bila mtu kuinua chochote.

Aliyemsaili alikuwa akifungua kurasa za jalada lake la kazi na kuuliza jambo moja tu: "Mteja hapa ni nani?" Hakuna mteja. Ukurasa mwingine, mteja nani? Hakuna. Mwisho akamwambia akatafute kazi za kweli kwanza, ndipo arudi.

"Kaka, niziondoe jaladani?" kijana akaniuliza.

Nilimwambia asiondoe hata moja. Na naandika haya kwa sababu yeye si wa kwanza kuambiwa hivyo, na wanaosema hivyo ndio wanaoajiri.

Sisi tulio ndani ya kazi hii tunajua bango la mteja linavyozaliwa. Unachora, meneja masoko anataka nembo ikuzwe, mkubwa wake anataka namba tatu za simu chini, mke wa mkubwa hapendi rangi ya chungwa, na siku ya kuchapa inaongezwa picha ambayo hujawahi kuiona. Nikitazama bango la benki kwenye jalada la mtu, sioni uamuzi wake. Naona kamati. Siwezi kujua kama yule kijana ndiye aliyechagua ile herufi au alilazimishwa, kama ile nafasi tupu pembeni aliipigania au ilisahaulika. Lakini kadi aliyomchapishia shangazi yake, kila kitu ndani yake ni chake. Ikipendeza, ni yeye. Ikiharibika, ni yeye. Mimi ninayeajiri nataka kumjua yeye.

Tukae kwenye kadi kidogo, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Watu wanaiona ndogo, wanadhani ni mchezo wa watoto. Ndugu zangu, kadi ni kazi nzima ya uchapaji iliyokunjwa mara moja. Karatasi ya SRA3, milimita 320 kwa 450, inakutolea kadi nne zenye ukubwa wa A5 zikiwa wazi, ambazo zikikunjwa zinakuwa A6 na kuingia kwenye bahasha ya C6. Ukikosea hesabu hiyo unalipia karatasi ya kutupa. Karatasi nene ina nyuzi zinazoelekea upande mmoja. Ukikunja kwa kuzikatiza, mkunjo unapasuka na weupe unachomoza chini ya wino, na hapo kijani chako cha Idd kinakuwa na kovu katikati. Kijani chenyewe, kinachong'aa kwenye simu, kinatoka kwenye mashine kimefifia, kwa sababu mwanga wa kioo na wino wa mashine haviongei lugha moja. Mambo haya huyajui kwa kusomewa darasani. Unayajua siku umesimama Nasser Road, kelele za mashine pande zote, fundi wa gilotini anakuuliza akate wapi, na pesa unayochezea ni yako.

Halafu kuna tarehe. Hili ndilo ninalolipenda zaidi. Kazi binafsi nyingi hufa kwa sababu hazina mwisho: mtu ana herufi anazozichora miaka nenda rudi, ana programu ya simu itakayokamilika akipata nafasi, ana wazo la kiti. Kadi haikubali hayo. Mwezi ukiandama, umeandama. Kadi ya Idd inayofika siku nne baada ya sikukuu ni karatasi tu. Kwa hiyo mbunifu anayetoa kadi kila mwaka amejifunza kumaliza, na katika mji huu nimekutana na vipaji vingi sana kuliko watu wanaomaliza. Nikiona kadi za miaka mitano mfululizo kwenye jalada la kijana, najua nimpe kazi yenye siku ya mwisho nikalale usingizi.

Na tuseme ukweli kuhusu kadi zinazouzwa madukani kila Desemba. Theluji. Misonobari. Mzee wa ndevu nyeupe ndani ya koti la manyoya. Theluji ya kwetu iko juu ya Rwenzori, mita elfu tano na zaidi, na hata hiyo inapungua mwaka hadi mwaka. Krismasi yetu ni vumbi, ni nauli ya basi iliyopanda ghafla, ni msongamano wa kituo cha mabasi watu wakikimbilia vijijini na kuku miguuni. Ni nsenene, wale panzi wa kuliwa, wa msimu wa Novemba bado wako kwenye mikebe. Kadi moja ya kijana huyu imechorwa nsenene wanaoruka kuelekea taa kubwa na mabati ya mtego, kama wanavyotegwa Masaka, na ukiitazama vizuri ile taa ni nyota ya Bethlehemu. Hakuna mteja angemruhusu kuchora hivyo. Angeambiwa aongeze theluji. Mimi nimeibandika ukutani juu ya meza yangu.

Dada mwingine ninayemfahamu hutengeneza kadi za olubugo, gome la mti wa mutuba lililogongwa kwa nyundo za mbao mpaka likawa kitambaa, ufundi ambao UNESCO iliutambua mwaka 2005. Olubugo haipiti kwenye mashine za kawaida, inazisumbua, kwa hiyo ilimbidi ajifunze kuchapa kwa skrini, yaani kupitisha wino kwenye wavu uliowambwa, kwa mkono, kadi moja moja. Leo anaishi kwa kuchapa kwa skrini. Alianza na salamu za Krismasi.

Anayedhani kadi na kazi kubwa ni vitu viwili visivyojuana, amtazame Henry Cole. Ndiye Mwingereza aliyemwagiza mchoraji John Callcott Horsley kadi ya kwanza ya Krismasi ya kuuzwa, mwaka 1843, kwa sababu barua za salamu zilimlemea hana muda wa kuzijibu zote. Ilionyesha familia mezani ikinywa divai, na pembeni watu wakiwalisha na kuwavisha maskini. Zilizobaki aliziuza kwa shilingi moja, na watu wa kupinga pombe wakamshambulia kwa kuwa mtoto naye alichorwa akinywa divai. Huyohuyo, mwaka 1846, kwa jina la kujibandika la Felix Summerly, alitoa seti ya chai iliyotengenezwa na kiwanda cha Minton. Baadaye akawa miongoni mwa waandaaji wakuu wa Maonyesho Makubwa ya London ya 1851 na mkurugenzi wa kwanza wa makumbusho ambayo leo ni Victoria and Albert. Kadi, birika, makumbusho: mtu mmoja, mkono mmoja, udadisi uleule.

Sasa kile kigoda. Nilimwomba anieleze alivyokitengeneza, na maelezo yake yalinitosha kumpa kazi papo hapo kama ningekuwa na nafasi. Cha kwanza alikichomelesha Katwe kwa fundi wa madirisha, akaweka mhimili, pale jerikani inapozungukia, chini mno. Jerikani ikijaa, uzito wake uko juu ya mhimili, kwa hiyo ukiisukuma kidogo tu inaanguka kwa kishindo. Bibi aliloa miguu yote miwili. Cha pili akaupandisha mhimili juu sana, sasa jerikani ikawa nzito kuinamisha, inarudi yenyewe. Akakaa na bibi siku nzima akimtazama anavyochota, akagundua pia kwamba maji yakipungua uzito unahama, na kwamba bibi humimina kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia ndio unaomuuma. Cha tatu kina mhimili mahali pake na mpini kushoto. Hakuna darasa la ubunifu wa bidhaa linalofundisha zaidi ya hayo. Alikuwa na mtumiaji mmoja, anayempenda, asiyeweza kumdanganya. Na mtu anamwambia si kazi ya kweli kwa sababu bibi hakulipa ankara!

Charles na Ray Eames, mume na mke wabunifu wa Marekani, walipohamia Los Angeles mwaka 1941 walijenga mashine ya kukunja plaiwudi ndani ya nyumba waliyopanga, usiku, baada ya kazi. Hakuna aliyewatuma. Mwaka uliofuata ujuzi huo ukawa gango la mguu kwa ajili ya Jeshi la Majini la Marekani, na kutoka kwenye gango wakafika kwenye viti ambavyo mpaka leo vinanakiliwa duniani kote. Watu haohao walitoa karata za kujengea za mwaka 1952, kitu cha kuchezea, kwa uzito uleule. Ernő Rubik, yule wa mchemraba wa rangi wa kuzungusha, mwaka 1974 alikuwa mwalimu Budapest akihangaika na vipande vya mbao, akitaka kuona vinawezaje kuzunguka bila kuachana. Alipokwisha kuuvuruga mchemraba wake, kuurudisha kulimchukua takriban mwezi mzima.

Na wa hapahapa. Brian Gitta alichoka kuugua malaria na kuchomwa sindano kila mara, yeye na wenzake wa Makerere wakatengeneza Matibabu, kifaa cha kubana kidoleni, kinachotafuta dalili za malaria kwa mwanga na sumaku bila kutoa damu. Mwaka 2018 kikampa tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering, paundi 25,000, Mganda wa kwanza kuipata, akiwa na miaka 24. Mteja wa kwanza alikuwa nani? Kidole chake mwenyewe.

Najua mtakachoniambia: kodi ya nyumba. Nakubali, kwa shingo upande, lakini nakubali. Mtu anayetoka kazini saa mbili usiku, akakaa kwenye foleni ya Jinja Road, akafika nyumbani umeme umekatika, simwambii aanze kuvumbua. Wala sisemi asiye na kazi binafsi hana kipaji. Mama mwenye watoto wadogo watatu anaweza kuwa dizaina bora kuliko sote na asiwe na saa moja ya ziada. Nakubali pia kwamba wapo wanaojificha kwenye kazi binafsi ili wasisikie neno "hapana" la mteja, na hao ofisini ni mzigo. Ninachopinga ni kuwaadhibu walioipata ile saa, wakaitumia, wakamaliza.

Kuhusu wizi, maana kila nikigusa jambo hili naulizwa: ndiyo, ukionyesha kitu kizuri leo kesho kinauzwa sokoni Kikuubo. Mchoro wa kadi yako unalindwa na sheria ya hakimiliki ya 2006, uhai wako na miaka 50 baada yake. Kifaa ni jambo jingine, kinahitaji kusajiliwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Nenda kaulize mapema, kabla hujakianika mtandaoni.

Walimu wetu wa vyuo nao wasikie. Shule ya sanaa ya Makerere ilianza mwaka 1937 na Margaret Trowell akifundisha kibarazani kwake. Ilianza kama jambo la mtu mmoja aliyeona linafaa kufanywa, hakungoja bajeti. Leo mwanafunzi analeta kitu alichokitengeneza likizo, anaambiwa hakimo kwenye silabasi. Kipeni alama. Mtungie swali kutokana nacho.

Na ninyi mnaosaili, ambao wengi wenu nawafahamu na baadhi tumekunywa chai pamoja. Kijana akifungua ukurasa usio na mteja, msigeuze haraka. Muulizeni aliyekitumia ni nani na alilalamika nini. Muulizeni alibadilisha wapi, na kwa nini. Muulizeni karatasi ilikuwa gramu ngapi na mkunjo ulitokaje. Asiyefanya kazi ile atajikanyaga kwa swali la pili, mtamjua. Aliyeifanya hamtamnyamazisha, itabidi mmwambie muda umekwisha. Yule wa Arua bado hana kazi. Anayemhitaji aniandikie, nitamleta mwenyewe, na kigoda chake.