Kipima mvua kisitolewe darasani

Kila mtaala wa shahada ya hali ya hewa unapojadiliwa, hoja moja hurudi: wiki za mafunzo vituoni zipunguzwe, muda huo wanafunzi waandike programu na kuendesha modeli za kompyuta. Kusoma kipima mvua, wanasema, ni kazi ya karani.

Hoja hiyo ina uzito. Utabiri wa leo hutegemea modeli. Vituo vya kupimia katikati ya nchi ni vichache, na mvua yetu hapa Dodoma ni ya vipande: mtaa wa Ipagala wanakinga maji, Nzuguni vumbi linatimka. Yapo makadirio ya setilaiti ya tangu 1981 yanayoigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita tano kwa tano, na mhitimu asiyejua kuyachambua atahangaika kupata kazi. Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa ada ana haki ya kuliuliza hilo.

Ila makadirio hayo hayatokani na kuiona mvua yenyewe. Setilaiti husoma ubaridi wa vilele vya mawingu, kisha hesabu hukisia kilichoanguka, na kisio hilo husahihishwa kwa vipima mvua vya ardhini. Kwenye maeneo makame kama yetu, mvua nyingine hukauka hewani kabla ya kugusa udongo. Kumbe hata huyo wa kompyuta anakula jasho la yule anayeitwa karani.

Na kazi yenyewe si nyepesi. Saa tatu kamili asubuhi unamimina maji kwenye gilasi ya vipimo, unainama hadi jicho lilingane na uso wa maji, unaandika. Hapa kuanzia Juni hadi Septemba utaandika sifuri karibu kila siku, na ndipo kishawishi kinapoingia: kwa nini niende, si najua hakuna kitu? Basi kisanduku cha siku hiyo daftarini kinabaki kitupu. Sifuri maana yake nimekwenda, hakuna mvua. Kisanduku kitupu maana yake hakuna anayejua. Sasa kisanduku cha Januari kikiachwa kitupu, halafu miaka baadaye mtu akakijumlisha kama sifuri, ameshatengeneza ukame ambao haukuwapo. Mwanafunzi aliyewahi kuandika sifuri kwa mkono wake huiona hatari hiyo haraka. Asiyewahi, huipitisha kwenye programu na kupata grafu safi kabisa.

Makutupora, kaskazini mwa jiji, kwenye visima vinavyoinywesha Dodoma, kina cha maji ardhini kilipimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 55. Walikuta kwamba maji ya ardhini hushuka miaka kadhaa mfululizo, kisha hupanda ghafla baada ya misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ule wa 1997/98 wa El Niño, yaani joto la Pasifiki linapopanda na kubadili mvua zetu. Hili nalirudia kila ninapopata nafasi, kwa sababu linauvunja wastani tunaoutegemea. Misimu miwili ya milimita 600 na misimu miwili ya 300 na 900 ina wastani uleule, lakini kisima hakioni wastani. Kinasubiri ile 900. Mtu angekuwa na vipimo vya miaka kumi tu, huenda angeandika kwamba maji yanakwisha, au kwamba yanaongezeka, kutegemea alianzia wapi.

Ni kweli, namba hizo zisingesema kitu bila takwimu na bila kuzioanisha na joto la Pasifiki na Bahari ya Hindi. Kazi hiyo ilihitaji kompyuta, sibishi. Lakini hakuna kompyuta inayoweza kurudi mwaka 1970 kupima kisima.

Ningependa kila mwanafunzi wa fani hii atunze kipima mvua kimoja msimu mzima, Desemba hadi Aprili, kisha alinganishe daftari lake na makadirio ya setilaiti ya mraba huohuo. Programu ajifunzie hapohapo, kwa namba anazozijua. Kikwazo ninachokiona ni likizo kati ya mihula, ambayo hukatiza msimu katikati, karibu na kile kiangazi kifupi cha Februari ambacho mkulima wa uwele hukiogopa kuliko kitu kingine. Hapo itabidi wapangiane zamu, na wanaoishi mjini wabebe asubuhi nyingi zaidi.