Johnston, mgeni wa Rindi

Tulikuwa tumepumzika juu kule Shira, Kilimanjaro, chozi mwenye mkia mrefu anafyonza lobelia mbele yetu, mgeni wangu akafungua kitabu chake na kuuliza, "Huyu Johnston ni nani?" Ndege ameandikwa Nectarinia johnstoni. Miaka yote nimelitaja jina hilo mlimani kama kasuku. Nikamjibu, "Mzungu wa zamani." Wagumu, yaani wapagazi wetu, waliokuwa karibu wakaangua kicheko, na kweli nilistahili.

Niliporudi Moshi nikaanza kufukua. Majina haya yana kanuni yake: la mwanamume kwa kawaida huishia na i, la mwanamke ae. Ukishaijua, kitabu cha ndege kinageuka daftari la mahudhurio. Hondohondo wa huku tambarare, Tockus deckeni, ni wa Baron von der Decken, aliyejaribu kupanda mlima wetu 1861 na 1862 asifike kileleni, akauawa Somalia 1865. Shorobo wa misitu ya Meru ana jina la Hartlaub, daktari wa Bremen. Kwezi mmoja ni wa Hildebrandt, Mjerumani mwingine.

Johnston mwenyewe, Harry Johnston, mpelelezi Mwingereza, alikuja 1884, akapokelewa Old Moshi na Mangi Rindi, mtawala wa Wachaga wa pale, yule Mandara wa vitabuni. Mwaka uliofuata chozi akapewa jina lake, na baadaye okapi wa Kongo naye akaitwa Okapia johnstoni. Mgeni kapata ndege na mnyama. Mwenyeji wake sijamwona kwenye ndege yeyote.

Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa ndege cha Marekani kilitangaza kuondoa majina ya watu kwenye majina ya Kiingereza ya ndege wa upande wao. Ya kisayansi hayakuguswa, na kwangu heri yabaki. Nikilifuta la Johnston, nitaanzia wapi kumsimulia Rindi? Siku hizi nikiulizwa, naanza na Mangi, mgeni wake anafuata.

Kinachoniuma ni kwamba ingewezekana kufanya vingine. Benson, Mwingereza, alizunguka miaka mingi akikusanya ndege pamoja na Jali Makawa, mtu wa Malawi. Mwaka 1965 Benson na mwenzake Irwin wakampa kindege kimoja, jamii ya zuakulu, jina la Pogoniulus makawai, la huyo Makawa. Mwaka uliofuata Benson huyohuyo akamtaja kipozamataza wa nyika ya kaskazini mwa Arusha kwa jina la Beesley.

Kindege cha Makawa kilipatikana kimoja tu, Zambia, 1964. Hakijaonekana tena, na vipimo vya vinasaba sasa vinaelekea kusema si spishi ya peke yake. Ikithibitika hivyo, makawai litaondolewa kwenye orodha ya spishi. Kipozamataza wa Beesley yeye bado yupo, nyikani kwake, anakimbia chini kwenye majani mafupi.