Mnatuhimiza Tukimbie, Kisha Mnatugawia Soda

Bonanza la mazoezi lililofanyika hivi karibuni upande wetu wa Dar es Salaam lilikuwa na kila kitu ambacho bonanza la namna hiyo halikosi: fulana za rangi moja, mgeni rasmi aliyechelewa, muziki uliosikika hadi mtaa wa pili, na mshereheshaji aliyejipa kazi ya kuwatania kwa kipaza sauti wanawake wanene waliokuwa nyuma ya msafara, akiwauliza kama wamekuja kukimbia au kusukumwa. Mgeni rasmi alipopanda jukwaani alitufahamisha kwamba unene umeongezeka nchini kwa sababu tumebweteka. Tunapanda bodaboda hata kwa safari ya dukani, tunashinda mbele ya runinga, na dawa yetu ni jasho tu. Alipigiwa makofi. Kisha tukaelekezwa kwenye hema la mdhamini, ambako kila aliyemaliza mbio alipokea soda ya baridi bila malipo, na watoto waliopanga foleni mara ya pili hawakuulizwa kitu.

Mdhamini simlaumu sana, kwa kuwa mfanyabiashara huifuata kiu iliko. Kilichonikera ni ile hotuba, kwa sababu nimeisikia mara nyingi mno, redioni, kliniki na hata kwenye nyumba za ibada, na kila inaporudiwa huyahamisha macho yetu kutoka kwenye chupa hadi kwenye miguu ya mtu anayeinywa.

Tufanye hesabu basi. Soda ya kawaida ya mililita 350 ina gramu 35 za sukari au zaidi kidogo, yaani karibu vijiko tisa vya chai. Mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2015 unataka sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati anayoipata mtu kwa siku, na unapendekeza ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Chupa moja ya zawadi imekwisha kuvuka kiwango hicho, na mtu mwenye kilo 70 atahitaji kukimbia takribani kilomita 2 ili kuiteketeza chupa hiyo peke yake, kabla hatujaulizana habari za chapati mbili alizonywea chai asubuhi. Wengi wetu siku ile hatukukimbia. Tulitembea huku tukipiga picha.

Nakiri, ingawa shingo upande, kwamba mazoezi yana faida kubwa. Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alipozindua kampeni ya kitaifa na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili ya mazoezi, jambo lile lilikuwa jema na bado ni jema. Mazoezi hushusha shinikizo la damu, huimarisha moyo, huusaidia mwili kuitumia sukari vizuri, huleta usingizi, na humsaidia aliyekwisha kupungua asirudi alikotoka. Daktari akikwambia utembee, tembea. Lakini kinachomfaa mgonjwa mmoja kinaweza kushindwa kabisa kueleza kwa nini nchi nzima imenenepa, na hapo ndipo wataalamu wetu wa jukwaani wanapoteleza.

Ushahidi wenyewe, cha ajabu, umetoka hapa hapa nyumbani. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwa Wahadzabe watu wazima 30, kandokando ya Ziwa Eyasi. Waliwapa maji yenye atomu maalumu zinazoweza kufuatiliwa kwenye mkojo, njia ambayo hupima nishati halisi ambayo mwili wa mtu umeitumia kwa siku kadhaa bila kutegemea kumbukumbu zake wala maneno yake. Wanaume wa Kihadzabe hutembea zaidi ya kilomita 10 kwa siku wakiwinda na kurina asali, na wanawake huchimba mizizi kwenye ardhi ngumu huku wengine wakiwa na watoto mgongoni. Kila mtu, watafiti wenyewe wakiwamo, alitarajia kwamba watu hawa wangeonekana kuteketeza nishati nyingi kuliko karani wa ofisini. Haikuwa hivyo. Ukishazingatia ukubwa wa miili, nishati waliyoitumia kwa siku ililingana na ile ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokwenda kazini kwa gari na kurudi kwa gari. Maelezo ambayo Pontzer ameyatetea tangu wakati huo ni kwamba mwili una bajeti yake, na ukitumia zaidi kwenye miguu hubana matumizi mahali pengine pasipoonekana. Mwaka 2025 kundi kubwa zaidi la watafiti, Pontzer akiwa miongoni mwao, lilikusanya vipimo vya zaidi ya watu 4,000 kutoka jamii 34 za mabara mbalimbali, wakiwamo wawindaji, wafugaji, wakulima na watu wa mijini, na likakuta kwamba sehemu kubwa ya tofauti ya unene kati ya nchi maskini na nchi tajiri inaelekea kutokana na chakula kuliko upungufu wa harakati.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu adhabu ya kutolijua inawaangukia watu wasiostahili. Nendeni sokoni asubuhi mkamtazame mama lishe. Ameamka saa kumi usiku, amebeba ndoo za maji, amekanda unga wa chapati za watu wengi, atasimama mbele ya moto hadi jioni, kisha atarudi nyumbani kufua na kupika tena. Kazi anayoifanya kabla ya saa tatu asubuhi ingemlaza mgeni rasmi kitandani wiki nzima, na bado mama huyu ni mnene, ana presha, na akifika kliniki anaambiwa apunguze uvivu. Uvivu upi? Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2004–05 ulikuta wanawake wa Tanzania wenye uzito uliozidi au unene wa kupindukia ni asilimia 18 ya wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Ule wa 2015–16 ukakuta asilimia 28. Anayetaka niamini kwamba katika miaka kumi hivi wanawake wa nchi hii walikubaliana kimyakimya kuacha kufanya kazi, anieleze pia ni nani aliyekuwa akilima, akiuza, akichota maji na kulea.

Kilichobadilika ni kilichomo sahani mwetu na kwenye chupa zetu, na kimebadilika kwa sababu zinazoeleweka. Mafuta ya mawese yaliyosafishwa, mengi yakitoka Malaysia na Indonesia, yamefanya kila kitu kikaangike. Unga wa sembe, uliokobolewa hadi ukawa mweupe, umeisukuma dona pembeni na kuifanya ionekane chakula cha shule za bweni. Soda imefika vijijini ambako dawa za zahanati hazifiki, nayo inafika ikiwa ya baridi. Juu ya hayo yote kuna suala la muda na nishati ya kupikia, ambalo wahubiri wa lishe bora hawaligusi kabisa. Mtu anayeishi Chanika au Kibamba na kufanya kazi mjini hutoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Akifika, maharage yanamdai saa mbili za mkaa au gesi, mchicha unamdai kuchambua, na watoto wana njaa sasa hivi. Kibanda cha chipsi kipo kwenye kituo anachoshukia, na chipsi mayai ziko tayari kwa dakika chache zikiwa na kachumbari kiasi cha kumtuliza mtu dhamiri. Ningekuwa yeye ningenunua, na siku nyingi nanunua.

Vyakula vya viwandani navyo vina hila ambayo utashi pekee hauiwezi. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwaweka watu 20 mahali pamoja kwa wiki nne; wiki mbili walikula vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, wiki mbili vyakula vya kawaida, na katika hali zote mbili waliandaliwa milo yenye nishati, sukari, mafuta na nyuzi sawa na kuruhusiwa kula walivyotaka. Kwa vyakula vilivyosindikwa walikula karibu kalori 500 zaidi kila siku na wakaongezeka karibu kilo moja. Watu ni wale wale, nidhamu ni ile ile.

Sababu nyingine zipo, na sizikani. Kurithi kuna sehemu yake. Maeneo ya wazi ambayo watoto wangechezea mpira yamegeuka viwanja vya watu, na barabara zetu nyingi hazina pa kupita mtembea kwa miguu isipokuwa mtaro. Heshima ya kitambi ipo pia, ingawa wanaoicheka husahau kwamba kizazi chetu kilikua wakati ambapo mtu akikonda majirani walinong'ona kuwa amekanyaga waya, na mama zetu walitulisha kwa hofu hiyo. Ama chai za kukata tumbo kwa wiki moja zinazouzwa mitandaoni, hizo zinampunguza mtu pochi.

Sasa kama tatizo kubwa ni kinachouzwa, serikali ina mkono mrefu kuliko kipaza sauti. Mexico ilianza Januari 2014 kutoza peso 1 kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari, na manunuzi yake yakashuka kwa takribani asilimia 6 mwaka wa kwanza, yakazidi kushuka mwaka wa pili. Afrika Kusini ilifuata Aprili 2018 kwa kutoza kila gramu ya sukari inayozidi gramu 4 katika mililita 100. Mwezi huo huo Uingereza nayo ilianza kutoza kwa ngazi, kadiri sukari inavyozidi, na jambo la kufurahisha ni kwamba kampuni nyingi zilipunguza sukari katika vinywaji vyao hata kabla kodi haijaanza, kwa sababu tangazo lilitolewa miaka miwili mapema. Kwetu ushuru wa soda umekuwa ukihesabiwa kwa lita, kwa hiyo kiwanda kinachopunguza sukari nusu hakipati nafuu yoyote ya ushuru kuliko kile kinachoimimina. Chile tangu 2016 inabandika alama nyeusi yenye pembe nane kwenye pakiti za vyakula vyenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi, na bidhaa zenye alama hiyo haziuzwi shuleni. Mzazi hahitaji kusoma maandishi madogo ya nyuma ya pakiti. Anaiona alama, anaamua.

Najua nitajibiwa kwamba kodi ya sukari inamwonea maskini. Hoja hii huletwa kwa huruma kubwa na watu ambao hawakusikika nauli ilipopanda. Maskini ndiye anayefika hospitali miguu ikiwa imekwisha kufa ganzi kwa kisukari, ndiye asiye na bima, na ndiye anayeuza shamba ili mguu ukatwe. Nitaambiwa pia kuhusu ajira za viwandani, na hapo nakubali kwamba zinahitaji kulindwa. Ndiyo maana kodi inayofuata gramu ni bora, kwa kuwa inakiachia kiwanda nafasi ya kuendelea kuuza kinywaji kile kile kikiwa na sukari pungufu.

Bajeti husomwa Dodoma kila Juni, kwa hiyo wabunge wetu wana muda wa kutosha wa kuuliza kwa nini ushuru huu usihamishwe kutoka kwenye lita kwenda kwenye gramu. Fedha itakayopatikana isipotelee kwenye mfuko mkuu. Ianze na mabomba ya maji safi ya kunywa katika shule za msingi za serikali, ambako mtoto mwenye kiu wakati wa mapumziko mara nyingi hukuta kitu kimoja tu cha baridi, nacho kinauzwa getini. Nitaridhika hata kama mwaka wa kwanza zitafikiwa shule za wilaya moja, mradi wilaya hiyo itajwe kwa jina na hesabu zake ziwekwe wazi.